Je, Wajua? Viwanja Vidogo vya Ndege na Pwani ya Fizi

Watu wa Baraka, mji wa Fizi ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Kivu Kusini, Kongo, wanaijua vizuri safari ya maji na ya barabara. Wanalijua boti la Kalemie, mtumbwi wa Ubwari, na Barabara ya Taifa namba 5 inayoteremka kutoka Uvira, ikapita Lusenda na Baraka, kisha ikapanda kuelekea Fizi. Habari za ndege huonekana ni za wakubwa na za mashirika. Lakini pwani hii ya Tanganyika ina historia ndefu na ndege, na kila kijiji cha pwani kinachotamani wageni, dawa na soko la samaki kina haki ya kuelewa uwanja mdogo wa ndege ni kitu gani: unahitaji nini, unaleta nini, na unaweza kuharibiwa na nini. Haya hapa ni mambo machache ya kujua.

Baraka iko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko Kinshasa

Ukipiga mstari ulionyooka kutoka Baraka hadi Kinshasa, unapata zaidi ya kilomita 1,500. Kutoka Baraka hadi Dar es Salaam, kwenye Bahari ya Hindi, ni karibu kilomita 1,160. Kigoma iko kilomita 105 hivi, na Bujumbura haifiki 90. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 300 kwa saa ingeweza kufika Kigoma kwa muda wa dakika ishirini na kitu.

Lakini abiria wa pwani ya Fizi anayetaka kuruka hulazimika kwanza kusafiri hadi uwanja wa mbali: Kavumu karibu na Bukavu, Kalemie, Bujumbura, au avuke ziwa hadi Kigoma. Tena Kavumu ulitekwa na waasi wa M23 Februari 2025. Ndiyo maana mgonjwa anayehitaji daktari bingwa huhesabu kwanza siku za njiani kabla ya kuhesabu gharama za matibabu.

Ukivuka ziwa unabadili saa, na uwanja unabadili herufi

Ikiwa ni saa 6 mchana Baraka, Kigoma tayari ni saa 7, na Kinshasa bado ni saa 5. Marubani hukwepa mkanganyiko huo kwa kutumia saa moja ya dunia nzima, UTC, wanapoandika ratiba na taarifa za hali ya hewa.

Viwanja navyo vina majina yao ya kazi, yenye herufi nne. Kalemie ni FZRF, Kigoma ni HTKA, Bujumbura ni HBBA. Herufi ya kwanza inataja eneo la dunia, na ya pili nchi. Viwanja vyote vya Kongo huanza na FZ. Kwa hiyo mpaka kati ya eneo la F na eneo la H umepita juu ya Ziwa Tanganyika. Mvuvi wa Ubwari anayetupa nyavu katikati ya ziwa anafanya kazi chini ya mstari huo wa anga bila kuuona.

Ndege za kwanza ziwani zilifika 1916, na zilikuja kwa vita

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walilitawala ziwa kwa meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliyokuwa na makao Kigoma. Wabelgiji waliazima kwa Waingereza ndege nne za majini aina ya Short. Zilisafirishwa zikiwa vipande vipande, kwa meli, kwa reli na kwa mito ya Kongo, zikaungwa upya upande wa magharibi wa ziwa, kaskazini ya Kalemie ya leo.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa adui. Mawimbi ya Tanganyika yalikuwa makali mno kwa ndege inayoruka kutoka majini, ikabidi watafute ziwa dogo tulivu karibu na pwani ndipo waweze kuruka. Mnamo Juni na Julai 1916 marubani, akiwemo Mbelgiji Aimé Behaeghe, walivuka ziwa na kudondosha mabomu Kigoma. Mwishoni mwa Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo wasafiri wa ziwa wanalijua hadi leo.

Rasi ya Ubwari iliwahi kuitwa kisiwa

Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walipita huku kwa mitumbwi wakielekea Uvira. Burton aliandika habari za Ubwari kama kisiwa, kwa kuwa kutoka majini milima yake inaonekana imesimama peke yake. Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1876 ilidhihirika kwamba ni rasi, imeshikamana na nchi kavu, na ghuba iliyo kati yake na bara ikapewa jina la Burton. Wenyeji, bila shaka, hawakuhitaji kuambiwa. Walikuwa wakitembea kwa miguu kutoka bara hadi ncha ya rasi. Leo rubani anayepita juu yake huona umbo lote kwa mara moja: mkono mrefu wa milima, ghuba, na Baraka mkabala.

Zamani bandari yenyewe ilikuwa uwanja

Kabla ya njia za kurukia za lami kuenea, maji ndiyo yaliyokuwa uwanja. Mwaka 1920 Wabelgiji walianzisha huduma ya ndege za majini kwenye Mto Kongo, iliyopewa jina la Mfalme Albert, ikilenga kuunganisha Léopoldville na Stanleyville, yaani Kinshasa na Kisangani za leo. Kuanzia 1937 ndege kubwa za majini za Waingereza zilizokuwa zikienda Durban zilitua Kisumu kwenye Ziwa Victoria, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Abiria walishushwa kwa mashua hadi ufukweni.

Safari za anga za siku hizo zilikuwa ndefu: ya kwanza kutoka Ubelgiji hadi Kongo, ya Edmond Thieffry na wenzake, ilianza 12 Februari 1925 na kufika Léopoldville 3 Aprili. Ilichukua siku 51.

Mwaka 1965 anga ya Baraka ilikuwa uwanja wa vita vya mataifa

Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akatua Kibamba, kwenye pwani ya Fizi, kuwasaidia wapiganaji waliokuwa wakiipinga serikali ya Léopoldville. Dhidi yao zilirushwa kutoka Albertville, Kalemie ya leo, ndege aina ya T-28, na baadhi ya marubani walikuwa Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, wakilipwa na shirika la kijasusi la Marekani. Wakuba wa pande mbili wakapigana kando ya ziwa la Kiafrika. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare, waliokuwa upande wa serikali, walishuka Baraka kutoka majini, ndege zikiwalinda kutoka juu. Che aliondoka Novemba mwaka huohuo.

Wazee wengi wa pwani hii waliufahamu mlio wa ndege kwanza kama onyo la kukimbilia porini. Anayepanga uwanja wa amani Fizi anapaswa kuikumbuka historia hiyo na kuanza kwa kuzungumza na watu.

Joto na mwinuko hurefusha uwanja

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtu huona Baraka iko ufukweni, akadhani ndege itaruka kama inavyoruka Mombasa. Lakini uso wa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Bawa hupata nguvu kidogo, injini hupumua hewa pungufu, na ndege hulazimika kukimbia zaidi chini kabla ya kunyanyuka.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linashauri kuongeza urefu wa njia ya kurukia kwa asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kisha inaongezwa asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto iliyozidi kiwango cha kawaida cha mwinuko huo. Tufanye hesabu. Ndege inayohitaji mita 800 usawa wa bahari, kwa mwinuko wa ziwa inahitaji karibu mita 944. Kiwango cha kawaida cha joto kwa mwinuko huo ni nyuzi 10 hivi. Mchana wa Baraka ukiwa na nyuzi 28, zinaongezeka nyuzi 18. Sasa tumefika kwenye mita 1,110 au zaidi. Mita 300 zimeongezwa na joto na mwinuko peke yake, kabla hatujahesabu matope, nyasi au mteremko.

Kule Minembwe, kwenye nyanda za juu za Fizi zilizo zaidi ya mita 2,000, hesabu ni kali zaidi. Baridi ya mlimani husaidia kidogo, lakini mwinuko unadai zaidi ya kile ambacho baridi inarudisha.

Abiria hupimwa uzito pamoja na begi lake

Katika uwanja mdogo, mizani ni muhimu kuliko kaunta. Ndege inayopatikana sana kwenye njia fupi za Afrika ni Cessna Caravan, iliyoruka mara ya kwanza 1982: injini moja ya tabaini, magurudumu yasiyokunjwa, bawa lililo juu ya vichwa vya abiria ili mawe ya njia yasilifikie kwa urahisi.

Tazama inavyopakiwa. Begi linawekwa kwenye mizani, karani anaandika. Abiria naye anapanda, karani anaandika tena. Mama aliyembeba mtoto anapimwa naye. Rubani anachukua karatasi, anajumlisha watu, mizigo na mafuta, kisha anasema nani akae mbele na nani nyuma. Hapangi kwa heshima wala kwa umri. Uzito ukizidi mkiani, pua ya ndege huinuka kupita kiasi na ndege inaweza kukosa utii wakati wa kuruka. Jumla ikizidi kiwango, kitu kinabaki: gunia, mafuta au mtu. Ndiyo sababu safari nyingi za watalii Afrika Mashariki humruhusu abiria kilo 15 tu, katika begi laini linaloingia kwenye nafasi ndogo chini ya tumbo la ndege. Mgeni akikasirika kwa kuachwa begi lake, aelezwe kwamba kilo zile zimehesabiwa kwa usalama wake.

Kitambaa chenye milia kinazungumza

Ule mfuko mrefu wa kitambaa unaopepea juu ya mlingoti hauko pale kwa urembo. Mdomo wake huelekea unakotoka upepo. Aina nyingi hunyooka kabisa upepo ukifikia kilomita 28 hivi kwa saa. Ukining'inia nusu, rubani anajua upepo ni wa wastani. Ukilegea chini, hakuna upepo wa kumsaidia.

Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, kwani hapo hunyanyuka ikiwa na mwendo mdogo wa chini. Kando ya ziwa upepo una tabia yake: mchana nchi kavu hupata joto na upepo huvuma kutoka majini, usiku hugeuka na kuvuma kutoka nchi kavu. Wavuvi wa dagaa wanaijua ratiba hiyo tangu utotoni, na mhandisi mwenye busara angewauliza kabla ya kuchagua upande wa njia.

Namba zilizoandikwa kwenye ncha za njia nazo zina maana. Namba 09 inaonyesha dira ya nyuzi 90, yaani mashariki. Ncha ya pili itakuwa 27, magharibi. Huondolewa sifuri ya mwisho, basi.

Kavumu iko katika eneo la pili duniani kwa radi

Utafiti uliotumia takwimu za setilaiti za NASA, uliochapishwa 2016, uliiweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani na ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi: miale takribani 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ziwa Maracaibo la Venezuela pekee ndilo liliipita. Uwanja wa Kavumu uko ndani ya teritware hiyohiyo ya Kabare.

Mawingu ya radi juu ya milima hii hukusanyika zaidi baada ya mchana. Kwa hiyo marubani wa ndege ndogo hupenda asubuhi. Abiria anayeamshwa alfajiri ashukuru. Anapewa saa zenye utulivu zaidi.

Pwani ya Waswahili imeshaonyesha njia

Huko Kwale, Kenya, uwanja wa Ukunda unahudumia fukwe za Diani. Kabla ya kuzoea kutua hapo, mgeni alishuka uwanja wa Moi, Mombasa, kisha akapanga foleni ya kivuko cha Likoni kuelekea kusini, kwa sababu mji wa Mombasa uko kisiwani. Uwanja mdogo uliondoa kivuko kwenye safari yake. Barabara ya Baraka inajua shida ya aina hiyo, pale mito ya milimani inapofurika na kukata daraja.

Lamu haina nafasi ya uwanja katika mji wake wa kale, uliotambuliwa na UNESCO 2001. Ndege hutua kisiwa jirani cha Manda. Abiria hutembea na begi lake hadi gatini, akapanda mashua, akavuka mlango wa bahari. Safari hiyo fupi ya maji inawapa kazi manahodha, wachukuzi na wauza vinywaji, na mji umebaki na utulivu wake.

Kisiwa cha Mafia, Tanzania, kina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, ya kwanza nchini humo. Wageni huja hasa kati ya Oktoba na Machi kuogelea na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiyemdhuru mtu. Njia ya kurukia ya kisiwa iliwekwa lami kwa msaada wa mpango wa Marekani wa Changamoto za Milenia uliomalizika 2013. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huja pale anapojua atafika na ataondoka salama.

Ng'ambo ya Fizi, sokwe huleta ndege

Hifadhi ya Gombe, aliposhuka mtafiti wa sokwe Jane Goodall mwaka 1960, iko ng'ambo ya pwani ya Fizi. Haina uwanja wake. Wageni hutua Kigoma, wakapanda boti. Kusini zaidi, Hifadhi ya Mahale, iliyotangazwa 1985, haina barabara ndani yake. Watalii hutua kwa ndege ndogo kwenye njia ya udongo, kisha boti linawapeleka kambini.

Upande wa Kongo nao una utajiri wake. Hifadhi ya Itombwe, iliyoundwa 2006, inagusa Fizi, na humo wanaishi gorila wa nyanda za chini za mashariki na bundi adimu aliyegunduliwa na wanasayansi 1951. Milima ile ile, ziwa lile lile. Kinachokosekana ni amani na njia ya kufika.

Samaki wa Tanganyika wamekuwa wakipanda ndege miaka mingi

Ziwa hili lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya perege, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wapenzi wa samaki wa mapambo Ulaya, Amerika na Asia huwafuga kwenye matangi ya kioo. Tangu miaka ya 1970 Bujumbura imekuwa kituo cha kuwasafirisha: kila samaki au kikundi kidogo katika mfuko wa plastiki, maji sehemu ndogo, nafasi iliyobaki ikijazwa oksijeni, mfuko ukafungwa na kupangwa kwenye sanduku la kuhifadhi joto. Aina moja ya Tropheus inajulikana sokoni kwa jina la Ubwari. Mtu aliye Ujerumani anaweza kulitaja jina la rasi yetu asijue iko wapi.

Chanjo haiwezi kusubiri barabara

Baraka na Uvira ni miji ambayo kipindupindu hurudi mara kwa mara, na Madaktari Wasio na Mipaka walianza kufanya kazi Fizi 2003. Chanjo ya kipindupindu ya kumeza huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Gari likikwama kwenye matope, barafu huyeyuka ndani ya kisanduku na muda unahesabika. Ndege ndogo ikitua, kisanduku hukabidhiwa mikononi mwa muuguzi, anafungua, anasoma kipimajoto, anaandika namba, anafunga haraka. Tendo hilo dogo ndilo faida kuu ya uwanja katika nchi yenye mvua na milima. Watalii ni neema. Chanjo ni haki.

Ziwa hupanda, na uwanja lazima ulijue hilo

Tanganyika hutoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Katika miaka ya 1870 mto huo ulizibwa na mchanga na mimea, ziwa likapanda hadi kilele karibu na 1878; kisha kizuizi kikavunjika na maji yakashuka kama mita 10 kwa miaka iliyofuata. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kufurisha makazi Uvira, Kalemie, Gatumba ya Burundi na kwenye pwani ya Fizi. Ardhi tambarare kando ya ziwa huvutia kwa kujenga njia ya kurukia, lakini sehemu yake ilikuwa sakafu ya maji zamani si nyingi.

Maswali matano ya kumuuliza kila anayeahidi uwanja

Uwanja ukiahidiwa, wananchi waulize. Njia itakuwa na urefu gani, na hesabu ya joto na mwinuko imefanywa? Mifereji itapeleka wapi maji ya mvua za Oktoba hadi Mei? Nani atajenga uzio na kuwafukuza ng'ombe na mbuzi kabla ndege haijashuka, maana rubani anayewaona hulazimika kupita juu kwanza na kuzunguka tena? Nani atafyeka nyasi na kufukia mashimo mwaka wa tano, wafadhili wakishaondoka? Na wenye mashamba yatakayochukuliwa watalipwa lini, kiasi gani, na mbele ya nani?

Uwanja usio na majibu ya maswali hayo hugeuka malisho. Wenye majibu huweza kuifungua pwani nzima. Fizi ina ziwa, ina misitu, ina samaki na ina watu wanaostahili kufikiwa upesi wanapougua. Maswali hayo yaulizwe hadharani, kwa Kiswahili, kwa Kibembe na kwa kila lugha ya pwani hii, na majibu yaandikwe.